MTOTO WA MTAA WETU AKIKAMATWA, NANI ANAKWENDA NAYE?



Haya ni maneno ya Kamati ya Tawi yaliyosomwa kwenye mkutano wa Jumapili. Mvua ilitukatisha kabla hatujafika nusu, na wengi mliondoka kuwahi nguo kambani. Tunayatuma yote kwa maandishi ili kila mwanachama ayapate. Ni marefu kidogo. Asiye na simu ya kusomea asomewe na jirani.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa shina la pili, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikamatwa sokoni na wenzake wanne kwa tuhuma ya wizi wa simu. Jina lake hatulitaji hapa, na tunaomba nanyi msilitaje, sababu tutaifikia. Ana miaka 15. Kwenye karatasi ya mashtaka aliandikwa miaka 18.

Nani aliandika, hatutabishana leo. Kijana ni mrefu, sauti imeshakuwa nzito, ana vindevu viwili vitatu. Alipoulizwa umri katikati ya watu wazima wanaopiga kelele, alinyamaza. Tarakimu hizo mbili zikatosha. Kwa sababu ya hiyo 18 alilala chumba kimoja na watu wazima, akafikishwa mahakama ya watu wazima, na wakati anasomewa shtaka mama yake alikuwa bado getini anauliza ni chumba kipi. Wadhamini hawakupatikana. Akapelekwa gereza la mahabusu, akakaa siku tisa.

Kilichomtoa ni kadi ya kliniki. Mama yake aliitunza kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro tangu kijana akiwa mchanga. Mwalimu mmoja mstaafu wa tawi letu akaongeza nakala ya rejista ya shule ya msingi, na wakili wa msaada wa kisheria akaiomba mahakama ichunguze umri kabla ya kuendelea. Hakimu alisoma, akauliza maswali mawili matatu, akaagiza afisa ustawi wa jamii aitwe, na shauri likahamia Mahakama ya Watoto. Leo kijana yuko kwao kwa dhamana ya mama yake. Kama alichukua simu au hakuchukua, mahakama itasema. Sisi hilo hatuligusi.

Tunalogusa ni zile siku tisa. Sheria ya kuzizuia ipo tangu 2009.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Haisemi "isipokuwa mwenye ndevu", wala "isipokuwa aliyeacha shule", wala "isipokuwa anayeendesha bodaboda". Mtoto huyo akikamatwa na haikuwezekana kumfikisha mahakamani mara moja, mkuu wa kituo anatakiwa kumwachia kwa dhamana, na mzazi, mlezi au ndugu ndiye anayetia saini. Dhamana hiyo inaweza kukataliwa kwa sababu chache tu: shtaka likiwa la mauaji au kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka saba, au ikionekana kumwachia kutamrudisha mikononi mwa watu wabaya, au kutaharibu haki yenyewe. Wizi wa kawaida wa simu haumo katika yale makosa makubwa. Na dhamana haina bei, ndugu zetu. Mama huyu aliambiwa na mtu wa pembeni, wala hakuwa askari, kwamba atafute laki mbili "za mafuta ya gari". Akaanza kuuza vyombo vya ndani. Hapo ndipo balozi wa shina alipopata habari.

Mtoto ambaye hakuachiwa hatakiwi kuchanganywa na watu wazima. Kuna mahabusu za watoto kwa kazi hiyo; ya hapa Dar es Salaam iko Upanga. Kesi yake inakwenda Mahakama ya Watoto, kama ile ya Kisutu, na Jaji Mkuu anaweza kuteua hata jengo la mahakama ya mwanzo litumike kama mahakama ya watoto. Huko kesi inasikilizwa faraghani, bila watazamaji. Afisa ustawi wa jamii lazima awepo. Mzazi au mlezi lazima awepo. Mtoto ana haki ya kuwa na wakili, na ana haki ya kusema yaliyomkuta kwa maneno yake na kusikilizwa.

Na akikutwa na hatia? Kifungu cha 119 cha sheria hiyo, kama ilivyopitishwa, kinakataza kabisa mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumrudisha kwao, kumkabidhi kwa mtu anayeaminika, au ikibidi kumpeleka shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo kule Mbeya. Sasa hesabuni wenyewe. Yule anayetakiwa asifungwe hata baada ya kukutwa na hatia alikaa gerezani siku tisa kabla hajahojiwa na hakimu hata swali moja. Jambo hili si geni wala si la mtaa mmoja. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitoa ripoti ya ukaguzi wa sehemu wanakozuiliwa watoto, ikaeleza wazi kwamba iliwakuta watoto kwenye magereza ya watu wazima.

Kwenye mkutano Mzee mmoja wa shina la tano alisimama akasema: "Viongozi, mnatetea Panya Road." Alipigiwa makofi, na kwa haki yake. Mwanawe alikatwa panga mkononi, mnamjua, na mkono ule haujarudi kuwa kama ulivyokuwa. Wote tunakumbuka mwanzoni mwa 2015 jiji lilivyofunga milango mapema, na 2022 hofu ikarudi. Hatutamwambia Mzee asahau.

Lakini tumwombe Mzee atazame jambo moja. Kijana wa miaka 15 aliyeokota au kuiba simu, ukimfungia na mtu mwenye kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha, anatoka na nini? Anatoka na namba za simu, anatoka na jina la utani, anatoka na watu wa kumpa kazi. Shule imeshampita, majirani wanamwita mfungwa. Sheria ya Mtoto haikutungwa kumpapasa mhalifu. Imetungwa ili mtaa usizalishe Panya Road mwenyewe kwa mikono yake. Na haisemi mtoto asiwajibike. Chini ya miaka 10 hashtakiwi kabisa. Kuanzia 10 hadi kabla ya 12 hashtakiwi mpaka ithibitike kwamba alijua analofanya ni kosa. Kuanzia 12 anajibu. Anajibu kama mtoto, mahali pa watoto.

Na hapa hapa Temeke tuna historia ya kujivunia. Mwaka 2012 ndipo Ustawi wa Jamii walipoanza kujaribu kwetu programu ya kuwarekebisha watoto wakiwa majumbani mwao: mtoto anakutana na mshauri, familia inaingizwa, anarudishwa shule au anatafutiwa ufundi. Wazee wa siku hizo mnakumbuka. Kazi ya namna hiyo haipigi kelele, haiandikwi magazetini, na hugharimu kidogo kuliko ukuta wa gereza. Ukitaka kujua kama viongozi wako wana nia na usalama wa mtaa, waulize programu kama ile ina fungu gani kwenye bajeti.

Turudi kwenye umri, maana ndipo mlango ulipo. Wengi tunazijua kesi kubwa za haki za watoto. Tulishangilia Rebeca Gyumi alipoishinda Serikali mwaka 2016 kuhusu vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye 2019. Ni kazi kubwa, na inastahili heshima. Ila mtoto wa Temeke hakutani na sheria Mahakama ya Rufani. Anakutana nayo kaunta, saa tatu usiku, mbele ya kitabu na kalamu. Akiandikwa 18, haki zote tulizozieleza zinabaki kwenye karatasi. Mahakama ina wajibu wa kuchunguza umri pale mtu anapoonekana kuwa mtoto, na inaweza kupokea ushahidi wa daktari. Lakini daktari anakadiria kwa meno na mifupa. Hatoi tarehe ya kuzaliwa. Tarehe tunayo sisi.

Kwa hiyo kila nyumba yenye mtoto itafute leo cheti cha kuzaliwa. Asiye nacho aende RITA kupitia ofisi ya wilaya. Wenye watoto chini ya miaka mitano wana nafuu, mpango wa kuwasajili bila malipo ulianzia Mbeya 2013 na umekuwa ukienda mkoa kwa mkoa. Kwa wakubwa utaulizwa vielelezo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba, barua ya serikali ya mtaa. Msisubiri. Mtoto hukamatwa bila kutoa taarifa. Piga picha hati hizo, tunza kwenye simu ya mama na ya mtu mwingine mmoja, na zile za karatasi ziondoeni chini ya godoro, panya wa kweli nao wapo.

Sasa kuhusu jina na picha. Kabla kijana wetu hajafika kituoni, picha yake akiwa amefungwa kamba ilikuwa imeshazunguka kwenye magrupu matatu ya mtaa, na maneno chini yake hatuwezi kuyarudia. Sheria inalinda faragha ya mtoto tangu anapokamatwa mpaka kesi inapoisha. Mwalimu wake aliiona. Wanafunzi wenzake waliiona. Mahakama ikimwachia huru kesho, picha hiyo haiachii. Kwa hiyo tunatoa agizo, si ombi: kwenye grupu la tawi picha ya mtoto mtuhumiwa haipiti. Atakayeituma ataondolewa siku hiyo hiyo, awe mjumbe, awe kiongozi. Na anayeona mtoto anapigwa na wananchi wenye hasira asitoe simu kurekodi. Apige kelele, aite mjumbe, aite polisi.

Kuna jambo la pili, na Kamati ilibishana sana kama liwemo humu. Tumeliweka kwa sababu linafungana na la kwanza. Wale vijana wanne waliokamatwa na kijana wetu, mmoja wao hana mzazi hapa mjini. Analala kwa mama mmoja muuza samaki aliyemwokota akiwa na miaka tisa, akamlisha mpaka leo. Mama huyo alipokwenda kumdhamini aliulizwa: wewe ni nani yake? Hakuwa na jibu la karatasi. Kijana wa kwanza alitoka siku ya tisa. Huyu wa pili, ambaye naye ni mtoto, alikaa wiki tatu mpaka afisa ustawi alipofuatilia na kuandika ripoti.

Mtaani kwetu watoto wa namna hii ni wengi. Bibi analea wajukuu watatu, mama yao yuko Omani kazini. Mpangaji ameachiwa mtoto na rafiki aliyesema anakwenda Tunduru kwa wiki moja, huu ni mwaka wa pili. Waswahili tumelea hivyo siku zote na hakuna wa kutufundisha wema. Tatizo ni kwamba wema usioandikwa haumsaidii mtoto siku ya shida: hospitali wanataka saini, shule inataka saini, polisi wanataka saini.

Sheria imetoa njia. Inaitwa malezi ya kambo. Tunajua neno kambo limeharibiwa na hadithi za mama wa kambo, lakini kisheria maana yake ni nyingine kabisa: mtu mzima mwenye tabia njema, asiye mzazi wa mtoto, anakubali kumlea, na anatambuliwa rasmi. Maombi yanapitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye anafika nyumbani, anaangalia mahali pa kulala, anaongea na mtoto mwenyewe, kisha jambo linakwenda kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Kanuni zake ni za 2012. Si sawa na kuasili. Kuasili ni amri ya mahakama, mtoto anakuwa wako moja kwa moja. Mashauri hayo kwa sisi wa Temeke yana kituo chake cha masuala ya familia hapa hapa wilayani. Malezi ya kambo ni ya muda, mzazi wa kuzaa hapotezi haki zake, na ustawi wanaendelea kupita kuangalia.

Huko kupita kuangalia ndiko wengine wasikokutaka, na tunasema kwa uwazi. Kuna mabinti humu mtaani waliletwa kutoka mikoani "kuja kusomeshwa na shangazi". Shule hawaijui geti. Saa kumi alfajiri wanakanda unga, saa nne usiku wanaosha vyombo. Sheria ya Mtoto hairuhusu mtoto chini ya miaka 14 kuajiriwa, na aliyefika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia shule. Tena inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi wa aina hiyo anaweza kuwa mwanachama mwenzetu mwenye kadi iliyolipiwa. Kadi ya chama haimfichi.

Sheria hiyo hiyo imempa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa anapoona haki ya mtoto inavunjwa, na imeipa halmashauri wajibu wa kumlinda mtoto aliye katika eneo lake. Hapa ndipo siasa inapoingia, na haituhitaji tumtukane mtu. Afisa ustawi wa jamii wa kata anahudumia mitaa yote, hana usafiri, na mara nyingi anaitwa vituo viwili na mahakama moja kwa asubuhi moja. Mahakama ya Watoto haiendi bila yeye. Ripoti yake isipokamilika, mtoto anasubiri ndani. Tumeandika barua kwa diwani kuomba jambo hili liingie Baraza la Madiwani: nafasi za maafisa ustawi zijazwe, na nauli yao iwe na kasma. Diwani akiwa wa chama chetu au wa chama kingine, barua ni ileile, na majibu yake tutayasoma hapa kama yatakavyokuja.

Tawi nalo limeamua yake. Wanachama sita wamejitolea kwenda kituoni mtoto wa mtaa huu anapokamatwa, wawili wawili, mchana au usiku, bila kuuliza mtoto ni wa nani wala mzazi ana kadi ya chama gani. Kazi yao si kugombana na askari. Ni kumtafuta mzazi au mlezi, kupeleka ushahidi wa umri, kuomba kwa adabu umri uandikwe sawasawa, kuuliza Dawati la Jinsia na Watoto kama kituo kinalo, na kumpigia afisa ustawi. Wakiambiwa wasubiri, wasubiri. Wakiombwa fedha ya dhamana, wasitoe, waandike saa na mahali, watuletee. Watakaokuwa zamu wataandikwa kwenye ubao wa ofisi ya tawi, si kwenye grupu.

Kwa upande wa mawakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Hawasimami mahakamani kama wakili, lakini wanajua njia, na msaada wao ni bure. Yupo mmoja katika kata jirani aliyekubali kuja kutufundisha. TAWLA na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao wana huduma kwa wasio na uwezo. Na kwa mtoto anayeteswa, popote alipo, namba 116 ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, haikati salio.

Wenye ndugu Zanzibar mfahamu kwamba kule wana sheria yao, Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, msiwape vifungu vya huku.

Jumamosi hii, saa nne asubuhi, msaidizi wa kisheria atakuwa ofisi ya tawi. Njooni na kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo, vyeti vya shule, chochote chenye tarehe. Mwalimu mstaafu atakaa na daftari kuandika nani ana cheti na nani hana, ili wasio nacho tuwapeleke RITA kwa pamoja. Wanaolea watoto wasio wao waje pia, afisa ustawi wa kata ameahidi kufika ikiwa hataitwa mahakamani. Mama muuza samaki amesema atakuja wa kwanza. Mzee wa shina la tano naye tumemwalika, na ameuliza kama kutakuwa na kiti chenye egemeo. Kitakuwepo.

Imetolewa na Kamati ya Tawi.